Kiwashio cha Mbali katika Pikapu ya Chama

Kiwashio cha mbali ni kifaa kimwezeshacho dereva kuwasha injini bila ya kuwamo garini. Katika nchi za baridi kali kama Kanada hutumika kupasha injini moto. Tanga haja hiyo haipo. Chama kinachobeba machungwa ya Muheza au korosho za Mkinga na kutaka kukifunga chenyewe, sharti kijue hatari yake.

Pikapu ya gia za mkono iliyoachwa ndani ya gia, ikiwashwa kwa mbali husukumwa na starta na yaweza kumgonga mtu. Kwa hiyo, kifaa kisichozuia injini kuwaka mpaka gia iwe huru na breki ya mkono ivutwe, kisifungwe kabisa.

Kabla ya kazi, waya wa hasi wa betri ufunguliwe. Nyaya za swichi zipimwe kwa mita, zisikisiwe kwa rangi. Waya wa umeme upitie fyuzi. Kwa dizeli, kifaa kingoje hita zipate moto.

Gari lisiwashwe ndani ya ghala lililofungwa, kwani moshi wake una sumu isiyo na harufu. Aidha, katibu apate kwanza idhini ya kamati: gari ni mali ya wanachama wote.