Kidonge hiki nitakiacha lini?

Asubuhi ya Juni pale Makambako haina huruma na viungo vya mtu. Ukungu umelala juu ya reli ya TAZARA, malori yanayokwenda Zambia na Kongo yamejipanga kando ya barabara kuu, na kina mama wauza viazi wamejifunga vitenge juu ya masweta. Mmoja wao, ambaye wateja humwita Mama Viazi nami nitamwita hivyo hivyo, alikuwa akimenya kwa kisu kidogo huku macho yake yako kwa abiria wanaoshuka kwenye basi la Songea.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Sogea kwenye moto."

Mwaka jana, aliniambia, vidole hivi visingeshika kisu. Asubuhi vilikuwa vimekakamaa kama vijiti, na mabinti zake ndio waliomfunga vifungo vya sweta. Jirani akamwelekeza kwenye duka moja la dawa, akaeleza kuwa ana baridi yabisi, akapewa vidonge vidogo vyeupe kwenye bahasha ya khaki. "Siku ya tatu niliamka kama msichana," alisema, akacheka hadi akaweka kisu chini. Tangu hapo bahasha ikiisha hununua nyingine. Alinionyesha iliyokuwa kibindoni: imeandikwa 2x1 kwa kalamu ya bluu, basi. Jina la dawa halipo. Huo ulikuwa mwezi wake wa nane wa kuvimeza.

Nilimuuliza ataacha lini. Aliniangalia kama niliyemuuliza ataacha lini kula.

Kwa maelezo yake, na kwa jinsi uso wake ulivyojaa mashavuni, sikuwa na shaka sana: hizo ni steroidi, na kwa bei na umbo ni prednisoloni ya miligramu 5. Ni dawa ninayoiheshimu, maana nimeona ikimrudishia pumzi mtoto mwenye pumu usiku wa manane. Tatizo langu na dawa hii ni kwamba inafanya kazi vizuri mno. Dawa inayokunyanyua kitandani siku ya tatu inanyamazisha maswali yote ambayo ungeiuliza dawa yenye kusuasua.

Furaha ya siku ya tatu ina historia. Tarehe 21 Septemba 1948, katika kliniki ya Mayo mjini Rochester, Marekani, daktari Philip Hench alianza kumdunga mwanamke wa miaka 29 dawa mpya iliyotokana na kazi ya mkemia Edward Kendall. Mwanamke huyo alikuwa na baridi yabisi kali, hata kujigeuza kitandani ilikuwa shida. Baada ya siku chache alikuwa akitembea. Dawa hiyo ni kotisoni, na mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Sisi wa Afrika Mashariki tumo pia katika hadithi hii, ingawa hatutajwi sana. Maji ya mkonge yaliyokuwa yakimwagwa baada ya katani kukamuliwa yaligunduliwa kuwa na kitu kiitwacho hekojenini, na kampuni ya Glaxo ya Uingereza ikakitumia kama malighafi ya kutengenezea dawa za jamii hii. Prednisoloni yenyewe iliingia sokoni mwaka 1955.

Lakini madaktari wale wale waliofurahi mwaka 1948 ndio walioanza kuona nyuso zinavimba, usingizi unapotea, mifupa inalegea, na maumivu yanarudi kwa kishindo dawa ikikatwa. Shangwe na majuto vilikuja katika bahasha moja.

Ili kuelewa kwa nini, anzia juu ya figo. Kila figo imevaa tezi ndogo kama kofia. Tezi hizi, adrenali, hutengeneza kotisoli, homoni inayouwezesha mwili kusimama mbele ya baridi, homa, ajali, njaa na upasuaji. Kotisoli huwa nyingi alfajiri, kabla hujaamka, na hupungua usiku. Prednisoloni ni ndugu wa kotisoli. Ukiimeza, ubongo unahesabu na kuona homoni ipo tele, kwa hiyo unaziambia tezi zipumzike. Wiki moja ya mapumziko haina neno. Zikipita wiki tatu hivi, tezi zinazoea uvivu, na baada ya miezi zimesinyaa. Siku bahasha inapoisha na pesa hakuna, mwili unabaki bila dawa na bila homoni yake. Mtu anaishiwa nguvu, anatapika, tumbo linauma, presha inashuka, anazimia. Nyumbani watasema ni malaria, au amerogwa. Asipofikishwa hospitali haraka akadungwa haidrokotisoni, anaweza kufa.

Ndiyo maana mahubiri ya "maliza dozi", tuliyohubiriwa miaka mingi kwa sababu ya antibayotiki, hayatoshi kwa dawa hii. Aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu hamalizi dozi, anashushwa. Madereva wa Makambako hawahitaji somo refu hapo. Anayepeleka mzigo Dar es Salaam anaujua mteremko wa Kitonga, na hakuna mwenye akili timamu anayeushuka ametoa gia. Daktari hupunguza kidogo, anasubiri wiki kadhaa, anapunguza tena, na jinsi dozi inavyokuwa ndogo ndivyo mwendo unavyokuwa wa polepole zaidi. Kipimo cha mtu mmoja hakimfai mwingine, kwa hiyo sitaandika hapa ratiba ambayo mtu ataikata gazetini na kuibandika ukutani.

Na si kila mtu anahitaji mteremko. Dereva mmoja niliyekunywa naye chai alikuwa na pumu, na vumbi na baridi ya kupanda kuelekea Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, vilikuwa vimembana. Hospitali walimpa vidonge 8 vya miligramu 5 kila asubuhi kwa siku 5, kisha aache. Alishtuka: vidonge vinane kwa mpigo! Akameza vinne, "ili nisizidishe." Kumbe hiyo ndiyo dozi ya kawaida ya mtu mzima aliyebanwa na pumu, na kwa siku chache hivyo huachwa bila kushushwa. Vilivyobaki alivihifadhi kwenye droo ya gari kwa ajili ya siku nyingine. Hapo ndipo nilipomsihi. Pumu inayobana kila mwezi inadai dawa ya kuvuta ya kila siku, ile inayopeleka kiasi kidogo cha steroidi moja kwa moja kwenye mapafu. Droo haitibu pumu.

Turudi kwenye uso wa Mama Viazi, maana kuna jambo la mkoa huu wa Njombe ambalo vitabu vya dawa havilisemi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliupa mkoa huu nafasi ya kwanza nchini kwa maambukizi ya VVU, asilimia 12.7 ya watu wazima. Mahali ambapo karibu kila ukoo umemzika mtu aliyekonda, wembamba unatiliwa shaka na unene unapongezwa. Mama huyu alipoanza kujaa mashavu, sokoni walimwambia amenawiri. Nani atakimbilia hospitali kulalamika kuwa amenawiri? Aliniambia njaa ilimshika ya ajabu, anakula sahani ya viazi na baada ya saa moja anaitazama ya mteja. Nikamwomba anyooshe mkono. Ngozi ilikuwa nyembamba kama ganda la kitunguu, na mabaka ya damu mahali alipojigonga kwenye ndoo. Huko si kunawiri. Mafuta yamehamia usoni, tumboni na shingoni nyuma, misuli ya mapaja imepungua, na sukari na presha huenda zinapanda kimya kimya. Macho nayo huweza kupata mtoto wa jicho au presha ya macho. Mifupa ya mgongo huweza kubonyea kwa kuinua gunia tu.

Wapo wanaoutafuta unene huo kwa makusudi. Deksamethasoni, au "deksa", humezwa na wasichana wanaotaka makalio na mashavu. Hapa kuna mtego wa hesabu. Kidonge cha deksa huandikwa miligramu 0.5 na cha prednisoloni miligramu 5, na mtu huona cha kwanza ni kidhaifu mara kumi. Sivyo. Miligramu 0.75 za deksa zinalingana na 5 za prednisoloni, na deksa hukaa mwilini muda mrefu zaidi, ikizilaza tezi usingizi mzito zaidi. Sifa iliyopata wakati wa Uviko haikusaidia. Juni 2020 watafiti wa Oxford walitangaza kuwa inaokoa maisha ya wagonjwa mahututi wanaohitaji oksijeni. Wengi walisikia "inaokoa" na hawakusikia "mahututi". Kwa wasiohitaji oksijeni, utafiti ule ule haukuona faida.

Na zipo steroidi zinazomezwa bila mtu kujua. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, bidhaa iliyouzwa kama virutubisho vya viungo, baada ya kukutwa na deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo unga wowote wa "mitishamba" unaoondoa baridi yabisi ndani ya siku mbili, mimi nauogopa kuliko unaochelewa.

Steroidi hupunguza uvimbe kwa kuwatuliza askari wa mwili. Askari wakilala, TB iliyojificha huamka. Kikohozi cha wiki mbili kwa mtumiaji wa dawa hii kinataka kipimo cha makohozi, na homa yake inaweza kuwa ndogo hata ugonjwa ukiwa mkubwa. Akianza dawa za TB, rifampisini iliyomo huivunja prednisoloni haraka, na daktari lazima ajue ili arekebishe. Baadhi ya dawa za VVU, hasa zile za mstari wa pili zenye ritonavia, hufanya kinyume: steroidi hurundikana mwilini. Ukificha kadi yako ya kliniki mbele ya anayekuandikia prednisoloni, hakuna atakayeweza kukulinda. Kuna pia mnyoo uitwao strongiloidi, unaoingia kwa miguu peku shambani na kukaa tumboni miaka bila kusumbua. Kinga ikishuka huzaliana na kuvamia mwili mzima. Mkulima aseme kwamba ni mkulima. Anaweza kupewa ivamektini kabla.

Nilimweleza Mama Viazi yaliyo rahisi nikiwa nimekaa juu ya gunia lake. Dozi ya mara moja kwa siku imezwe asubuhi, baada ya uji, kwa sababu ndiyo saa ambayo mwili wenyewe humwaga kotisoli. Ya jioni itakukosesha usingizi. Usichanganye na diklofenaki wala ibuprofeni bila kuambiwa, tumbo linaweza kutoboka. Choo kikiwa cheusi kama lami, kimbia hospitali. Pombe ya ulanzi, msimu wake ukifika, uionje kama mgeni. Punguza chumvi, kula dagaa na maziwa kwa ajili ya mifupa. Ukisafiri, vidonge vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiende kwenye buti la basi. Ukitapika na kidonge hakikai, usingoje kesho. Na ukienda kung'olewa jino au kupasuliwa, au ukipata ajali, neno la kwanza liwe kwamba unatumia steroidi, hata kama uliacha miezi michache iliyopita. Andika kwenye karatasi, weka pamoja na kitambulisho.

"Sasa niache leo?" aliuliza.

Hapana! Hilo ndilo kosa ambalo makala kama hii inaweza kulisababisha. Nenda na bahasha yako hospitali, endelea kumeza hadi uonane na daktari.

Sheria inaitaka dawa hii itoke kwa cheti cha daktari. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, huko huko inakoishia barabara inayochepuka hapa Makambako, ili muuzaji wa kijijini awe na mafunzo na orodha ya anachoruhusiwa kuuza. Ulikuwa mpango mzuri, na wauzaji wengi niliowahi kukaa nao wanaujua mpaka wao. Lakini muuzaji akikataa, mteja anavuka barabara. Heri basi sisi wateja tuulize maswali mawili kabla ya kutoa pesa: dawa hii inaitwaje, na nitaiacha lini na kwa namna gani. Asiyeweza kujibu la pili asikuuzie.

Nilipita tena Makambako baada ya wiki tano. Mama Viazi alikuwa amekwenda hospitali, akapimwa sukari, presha, na damu kwa ajili ya viungo. Ilikuwa baridi yabisi ya kweli, ile ya kinga kushambulia viungo, ambayo kumbe haisababishwi na baridi ya Njombe hata kidogo na ina dawa zake za muda mrefu. Alikuwa ameanzishwa moja, taratibu, huku prednisoloni ikishushwa. Hakugombezwa, alisema kwa mshangao. Daktari alichukua daftari la shule la mjukuu, akachora mistari, kila wiki na kiasi chake, na mjukuu huweka alama kwa penseli nyekundu.

Alinionyesha dozi ya siku hiyo: kidonge kimoja na nusu. Nusu huikata mwenyewe. Alikipangusa kile kisu cha viazi kwenye kitenge, akakisuuza kwa maji ya moto ya birika, akaweka kidonge juu ya kibao na kukigawa katikati, mkono umetulia.