Bastola Ikikwama, Neno Lisikwame

"Mwalimu, imekwama!"

Aliyetamka maneno hayo ni kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kulenga shabaha. Alipoyatamka aligeuka kumtazama mkufunzi wake, na bastola iliyokuwa mkononi ikageuka pamoja naye. Mdomo wa mtutu ukatupitia vifuani sisi tuliosimama nyuma. Mkufunzi alimdaka kifundo cha mkono, akaurejesha mtutu upande wa shabaha, kisha akauliza kwa sauti tulivu: "Nini kilichokwama?" Kijana hakuwa na jibu.

Nami sikuwa nalo. Nilikuwa pale kwa ajili ya lugha. Mkufunzi huyo, askari mstaafu, alikuwa ameniletea ofisini kijitabu cha Kiingereza, akaniomba nikifasiri kwa manufaa ya wanafunzi wake, raia waliopewa vyeti vya kumiliki silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Nilimjibu kwamba siwezi kufasiri nisichokielewa. "Basi njoo uone, Daktari," akasema. Nikaenda, nikaona.

Bastola inayojipakia yenyewe hufanya kazi hivi. Risasi inapolipuka, gesi ya baruti husukuma kichwa chake mbele kupitia mtutu, na ganda husukumwa nyuma. Chuma cha juu, ambacho wenye kazi hiyo hukiita slaidi, hurudi nyuma kwa kishindo. Ndani ya slaidi mna kulabu ndogo iliyoshika ukingo wa ganda, nayo hulivuta kutoka chemba. Ganda likifika nyuma hugonga kipande cha chuma kisichosogea, likarushwa nje kupitia dirisha la ubavuni. Kipande hicho nimekiita kitupio. Kisha springi huirejesha slaidi mbele, nayo huchukua risasi nyingine katika magazini na kuitia chemba. Yote hayo hutimia kabla ya jicho kupepesa.

Kwa hiyo kulabu huvuta na kitupio hutupa. Ni vitendo viwili, na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Ganda likibaki ndani ya chemba, kilichoshindikana ni kuvuta. Huenda kulabu imelika au imevunjika ncha, springi yake imechoka, au chemba imejaa masizi. Ukingo wa ganda uliochanika ni dalili mojawapo. Hatari yake ni kuwa slaidi ikirudi mbele, huisukuma risasi mpya nyuma ya ganda lililonasa, na vyote viwili vikabanana.

Ganda likitoka chemba lakini likasimama dirishani mithili ya bomba la moshi, limebanwa na slaidi, basi kuvuta kumetimia ila kutupa hakukutimia. Hapa huenda baruti ya risasi ni hafifu, mafuta yamekauka au kitupio kimelika. Walakini aghalabu kosa huwa la mkono wenyewe: mpigaji akilegeza kifundo, bastola nzima hurudi nyuma pamoja na slaidi, na slaidi ikakosa nguvu ya kumaliza safari yake.

Mkufunzi hakubahatisha. Alibadilisha jambo moja tu kwa wakati. Kwanza alibadilisha mpigaji: aliichukua bastola ileile na magazini ileile, akapiga risasi tano, na maganda matano yakaruka mbali. Ugonjwa ulikuwa mkononi mwa kijana. Lau ungalibaki, angalijaribu risasi za aina nyingine, kisha magazini nyingine, kisha kusafisha, na hatimaye angaliipeleka bastola kwa fundi wa silaha. Alituonya kwamba kuichonga kulabu kwa tupa nyumbani ni kununua msiba.

Nikirudi nyumbani jioni ile nilikuwa nikilifikiria neno "imekwama". Kitenzi kimoja kilikuwa kimebebeshwa maana zisizopungua nne: risasi haikulipuka; ganda halikuvutwa; ganda halikutupwa; kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu. Tiba zake si moja. Risasi isipolipuka, mpigaji huuacha mtutu ukielekea shabaha na kungoja walau nusu dakika, kwa maana huenda moto umechelewa tu. Sauti ikitoka hafifu isivyo kawaida, huenda kichwa kimenasa mtutuni, na atakayepiga nyingine juu yake anaweza kuupasua mtutu mkononi mwake. Anayesema "risasi imekwama" huenda anataja ganda tupu lisilodhuru, au kizibo kitakachomlemaza.

Tatizo lenyewe limo katika neno risasi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni ile madini nzito, laini, ya kijivu. Enzi za gobori mambo yalikuwa wazi: palikuwa na baruti, palikuwa na risasi, yaani tufe la madini hiyo, na palikuwa na fataki ya kuwasha. Vitu vitatu, majina matatu. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vikaviunganisha vyote ndani ya ganda la chuma, na sisi tukakiita kitu kizima kwa jina la sehemu yake moja. Kufikia miaka ya 1890 bastola za kujipakia zilikuwa zikiuzwa Ulaya, na ganda likawa kitu cha kuvutwa na kutupwa kila mara. Msamiati wetu ulibaki kwenye gobori.

Wala si kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Anayekula wali hausemi kuwa mchele, na anayevuna mpunga hauiti wali. Nazi tumeipa majina tangu kidaka, kisha dafu, kisha koroma, hadi nazi yenyewe. Tunavitofautisha kwa sababu tunavishika kila siku na kosa lina gharama: ukiagizwa dafu ukaleta koroma, utarudishwa mtini. Kwa nini basi kitu kinachoua tukipe jina moja katika hali zake zote?

Kuna kauli nyingine inayonitia hofu zaidi: "Haina risasi." Wengi huitamka wakishachomoa magazini, ilhali risasi moja ingali chemba. Kwa hiyo katika tafsiri yangu sentensi hiyo nimeiondoa. Nimeandika hatua kwa mpango wake: mtutu uelekee mahali salama, kidole kiondoke kwenye kifyatulio, magazini ichomolewe, slaidi ivutwe nyuma na kuzuiwa hapo, chemba itazamwe kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Baada ya hapo tu ndipo mtu aseme: "Chemba ni tupu."

Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Hadhi hiyo haitoshi ikiwa inaishia katika hotuba na nyimbo. Wanaobeba silaha kwa idhini ya sheria, wawe askari, walinzi wa mbuga au raia, wanastahili maagizo katika lugha wanayoifikiria wanapotishika, kwani mtu aliyeshtuka hatafuti msamiati, hulikimbilia neno lililo karibu. Tunaofundisha lugha na tujitwike kazi hiyo pamoja na wakufunzi, tukikaa uwanjani nao badala ya kubuni istilahi vyumbani.

Majuma mawili baadaye nilirudi uwanjani. Bastola ya kijana yule ikasita tena. Safari hii hakugeuka. Mtutu ulibaki mbele, kidole akakiondoa, akasema: "Mwalimu, ganda limesimama dirishani." Mkufunzi akamjibu kutoka pale pale alipokuwa: "Kaza kifundo."