Kijabe hadi Mai Mahiu: Makanisa mawili, mteremko mmoja na buti za kukopa

Kama wewe ni kijana wa Nairobi na Jumamosi zako huishia kitandani ukitazama picha za wenzako wakiwa Diani, tulia nikupe mchongo. Kuna safari ya siku moja isiyohitaji ndege wala mkopo wa simu. Ina ukungu, msitu, reli ya zamani, jiwe lililowekwa na rais mstaafu wa Marekani, na kanisa ambalo pengine halizidi bedsita yako kwa ukubwa.

Mimi niliifanya na mbogi ya watu wanne. Buti nilikopa kwa jirani, na zilikuwa saizi moja juu. Nitakuambia zilinifanya nini, na pia jambo lingine ambalo sikupanga kuliandika hapa.

Kufika Kijabe

Panda matatu ya Naivasha inayopita barabara ya juu, ile ya Limuru na Kimende. Usiingie ile ya Mai Mahiu, huko utaishia kurudi nayo. Mwambie makanga akushushe pale barabara ya Kijabe inapokata. Kuna nduthi za kukuteremsha hadi misheni, lakini ukiwa na miguu, tembea.

Jina Kijabe linatokana na Kimaasai, na maana yake ni mahali pa upepo. Dakika tano tu utaamini. Mji wenyewe ni mdogo, umening'inia kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Beba sweta hata kama Nairobi kunawaka jua.

Wamishonari wa Africa Inland Mission walifungua kituo hapa mwaka wa 1903. Ikafuata shule ya watoto wao, 1906, halafu hospitali, 1915. Hospitali hiyo ndiyo bado inayojaza matatu za Kijabe hadi leo. Ndani ya shule kuna jengo la mawe liitwalo Kiambogo, yaani mahali pa nyati. Jiwe lake la msingi liliwekwa Agosti 1909 na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka Ikulu ya Marekani mwaka huohuo na kuja kuwinda Afrika Mashariki. Shule ni boma la watu, usijipenyeze. Uliza langoni kwa adabu, na ukikataliwa, endelea na safari.

Historia ya hapa haikuwa nyimbo na chai tu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wamishonari waliwataka waumini wakane ukeketaji. Wakikuyu wengi waliona ni mzungu anayeingilia mila na mashamba kwa mkono mmoja, wakatoka makanisani, wakaanzisha makanisa na shule zao wenyewe. Januari 1930, Hulda Stumpf, mmishonari Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi hapa Kijabe, aliuawa nyumbani kwake usiku. Amezikwa hapahapa. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji nchini ilikuja 2011. Msichana mmoja wa mbogi yetu alinyamaza muda mrefu tulipozungumzia hilo, kisha akasema, "Shosho yangu alikuwa binti wakati huo." Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Mteremko

Kutoka misheni kuna njia ya kushuka msituni, kuvuka reli, hadi chini Mai Mahiu. Usiende peke yako, na usijifanye unajua njia kwa sababu simu ina ramani. Sisi tulimwomba kijana wa pale atuongoze, tukamlipa tulichokubaliana kabla ya kuanza. Kubaliana mapema, wasee. Kubishana bei mkiwa katikati ya msitu ni aibu.

Mbele yako Longonot imekaa kama chungu kilichovunjwa mdomo. Huko ni safari ya siku nyingine: mita 2,776 kileleni, kilomita 3.1 kutoka lango hadi ukingo wa kreta, na 7.2 kuuzunguka. Lipia kwa eCitizen kabla ya kutoka nyumbani.

Kwenye mteremko ndipo buti za kukopa zilinionyesha cha mtema kuni. Kiatu kikubwa ukishuka nacho, vidole vinagonga mbele kila hatua. Kucha moja ilikuwa nyeusi kufikia jioni. Bora raba zako kuukuu zinazokutosha.

Kuna jambo lingine la kuona ukishuka. Kiongozi wetu alituonyesha mabonde yaliyochimbwa na maji, mengine mapya. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyokuwa yamezuiwa kwenye tuta la reli, baada ya kalivati kuziba, yalipasua na kushuka hadi Kamuchiri, Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wakiwa usingizini. Kwa hivyo ukipita huko na kamera, kumbuka unapita kwa watu waliofiwa. Usipige selfi juu ya mawe bila kujua yalikuwa msingi wa nyumba ya nani.

Kanisa la wafungwa

Ukifika Mai Mahiu mjini, kula kwanza. Kisha chukua nduthi urudi nyuma kidogo kuelekea Nairobi. Kando ya barabara, malori yakinguruma, kuna kanisa dogo la mawe ambalo huenda umelipita mara kumi ukielekea Narok.

Lilijengwa mwaka wa 1942 na Waitaliano. Hawakuja kama watalii. Walikuwa askari waliotekwa Waingereza waliposhinda vita vya Ethiopia 1941, wakaletwa Kenya na kupewa kazi ya kujenga barabara ya mteremko huu. Katikati ya kazi hiyo wakajenga na kanisa. Ndani unaweza kukaa na wenzako wachache tu, mkasikiana mkipumua.

Sasa lile jambo. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliposhindikana. Kwa miezi mitano mamangu alikuwa akinipigia kila Jumapili kuniuliza masomo, nami nikimwambia yako fiti. Nilikuwa nikiandika makala za watu mtandaoni na kulala kwa rafiki. Pale kanisani, wenzangu wakiwa nje wakinunua mahindi choma, niliketi niwapumzishe vidole. Nikawaza kuhusu wale jamaa: mbali na kwao, hawajui vita vitaisha lini, na bado mtu alipima mawe, akayapanga yakanyooka. Sikusali. Nilitoka nje nikampigia.

Nikamwambia, "Mama, mimi si mwanafunzi tena."

Kimya. Halafu: "Najua. Nilipiga simu chuoni mwezi wa tatu. Nilikuwa nangoja uniambie. Umekula?"

Nikamwambia nimekula. Akataka kujua niko wapi, nikamwambia Mai Mahiu, akaniuliza kama nimevaa sweta.

Sisemi ukienda utapata jibu kama hilo. Mama yako ni mama yako. Lakini kama kuna simu unayoikwepa, kutembea kutwa nzima husaidia, maana jioni huna nguvu ya kutunga uongo mwingine.

Kabla hujatoka

Anza mapema, saa kumi na mbili asubuhi uwe stejini. Epuka miezi ya mvua kubwa, njia ya msituni huteleza na mabonde hujaa bila kukuonya. Beba maji lita mbili, chapati zako, na pesa taslimu kidogo. Makanisani vaa heshima, ongea polepole, na uliza kabla ya kupiga picha. Taka zako rudi nazo.

Na buti? Nilizirudisha Jumatatu. Jirani aliziangalia, akaangalia mguu wangu, akacheka. Mama naye alipiga Jumapili iliyofuata kama kawaida. Safari hii aliniuliza kazi inaendeleaje.