Mayai ya Kobe Uani Nakuru

Sisi tuliokulia pwani tunamjua kasa: hupanda ufukweni usiku, hufukia mayai mchangani, na baada ya miezi miwili hivi makinda hukimbilia baharini. Basi jamaa zetu waliohamia Nakuru wanapotueleza kwamba kobe ametaga uani na miezi minne imepita pasi na dalili, twaelewa wasiwasi wao. Wengine hudhani mayai yameviza, wakayafukua. Hapo ndipo huyaua.

Kobe wa Bonde la Ufa, yule mwenye gamba la manjano na madoa meusi mfano wa chui, hana haraka ya kasa. Jike huchimba shimo kwa miguu ya nyuma, na ardhi ikiwa ngumu huilainisha kwa maji ya kibofuni mwake. Hutaga, hufukia, akaenda zake asirudi. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari na usiku wake una baridi. Yai laweza kukaa miezi minane, hata kupita mwaka. Joto la udongo ndilo huamua jinsia: penye joto zaidi hutoka majike, penye ubaridi madume. Na kinda akishatoboa ganda, aweza kungoja humo chini mpaka mvua ilainishe ardhi.

Yai hili si la kuku. Kuku hugeuza mayai yake kila siku. La kobe halitaki kugeuzwa, kwa kuwa kijusi hujishikiza mapema upande wa juu wa ganda, na likipinduliwa huweza kufa. Fundi akitaka kuchimba msingi papo hapo, mayai yasitiwe ndooni. Waitwe maafisa wa KWS, ambao ndio pia wa kuombwa kibali: sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, hata kwa nia njema.

Akina mama wakumbuke pia kwamba kobe mzima hubeba vijidudu vya salmonela. Watoto wakimshika wanawe kwa sabuni, wala asioshewe kwenye karai la vyombo.

Shimo lenyewe lizungushiwe mawe ili mbwa na kuku wasilifukue. Tarehe ya kutaga iandikwe ukutani, maana ikifika miezi kumi hakuna atakayeikumbuka.