Diski mbili zikipingana, nani anaamua?

Una diski mbili kwenye Linux, unataka kila faili iandikwe kwenye zote mbili ili moja ikifa kazi iendelee. Hiyo ndiyo RAID 1. Sasa utumie mdadm, LVM, Btrfs au ZFS?

Jiulize hivi: nakala mbili zikitofautiana, nani atajua ipi ni sahihi? Mdadm itakuambia zinatofautiana, basi. RAID ya LVM nayo hutegemea msimbo uleule wa kerneli. Btrfs na ZFS huweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, hivyo hugundua kilichoharibika na kukirekebisha kutoka nakala nzima.

Mbona basi mdadm bado inapendwa? Inakubali mfumo wowote wa faili, na RAID 5 na 6 zake zimekomaa. Za Btrfs, watengenezaji wenyewe hawazishauri kwa kazi halisi. ZFS nayo haimo ndani ya kerneli kwa sababu ya leseni, kwa hiyo kabla ya kusasisha kerneli hakikisha zinaendana.

Kwa diski mbili zenye data ya tasnifu, mimi ningechukua Btrfs au ZFS. Ila kumbuka: ukifuta faili kimakosa, RAID yoyote inaifuta kote kote. Weka nakala nyingine nje ya mashine hiyo.