Mchagua nazi na leso ya mama

Mwaka jana nilishuka Ukunda kumnunulia mama leso ya harusi ya Msambweni. Muuzaji akanitandazia doti baada ya doti. Nilisoma majina hata macho yakaingia kiwi. Magharibi ikaadhiniwa, nikatoka mikono mitupu. Mama akaenda harusini na leso kuukuu. Hakusema neno, nami nikaona haya.

Mchagua nazi hupata koroma. Mimi hata koroma sikupata! Mwaka 2000, Sheena Iyengar na Mark Lepper wa Marekani walieleza jaribio la dukani: jamu aina 24 zilipopangwa, asilimia 3 tu ya waliosimama walinunua; zilipopangwa 6, asilimia 30.

Safari hii nilimwambia muuzaji, "Nitolee tatu tu." Kabla ya Alasiri mama alikuwa na doti yake.