Chupa za Watawa: Zikae Miaka Mingapi?

Mtu wa Kivu akiambiwa ya kuwa ziko bia ambazo watu huziweka gizani miaka mitano, hata kumi, ndipo wazinywe, hucheka. Kasiksi yetu ya ndizi hukamuliwa, huchachuka, na baada ya siku chache sharti inywewe. Ikicheleweshwa hugeuka siki, na aliyeitengeneza hupoteza ndizi zake na jasho lake. Hata Primus na Simba za viwandani zafaa zingali changa. Lakini watoto wetu wanaoishi Ulaya, wanaporudi kuwaamkia wazazi, huleta mara kwa mara chupa za bia kali za watawa wa Ubelgiji, na wazazi huziona ni hazina, wakazifungia kabatini kwa ajili ya siku kubwa. Tumeona yafaa kueleza ni chupa ipi yastahili kungoja, na ingoje muda gani, kwani wengi hungoja mno.

Kwanza tuseme habari za wale wanaozitengeneza. Watrapiste ni watawa washikao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na sura ya 48 ya Kanuni hiyo yawataka waishi kwa kazi ya mikono yao. Ndiyo sababu Westmalle ilianza kupika bia mwaka 1836, Scourmont, yaani Chimay, mwaka 1862, na Orval ilijenga kiwanda mwaka 1931 ili kupata fedha za kuinua tena abasia iliyokuwa magofu. Watawa hao si wageni kwetu. Wa Westmalle ndio walioanzisha misioni ya Bamanya karibu na Mbandaka, mwishoni mwa karne ya 19. Na Scourmont ndiyo iliyozaa monasteri ya Mokoto, huku Kivu, mwaka 1954.

Basi, ndani ya chupa kuna nini hata ibadilike? Bia nyingi za watawa hutiwa sukari kidogo na chachu hai wakati wa kufungwa, nazo huchachuka mara ya pili humo humo chupani. Chachu ile hula sehemu ya hewa iliyosalia chini ya kizibo, na hewa ndiyo adui mkubwa wa bia. Hata hivyo hewa kidogo huendelea kupenya kizibo, mwaka baada ya mwaka. Uchungu wa maua ya hopi hupungua, harufu yake ya majani mabichi hupotea upesi zaidi, na ladha nyingine huanza kuzaliwa. Katika bia nyepesi ladha hiyo ni mbaya: yanukia karatasi nene iliyoloa maji. Katika bia nyeusi yenye kimea kingi na kileo kingi, hewa ile ile huleta ladha ya zabibu kavu, ya tende, ya sukari iliyoungua, karibu na divai tamu za kale. Kazi ni moja, matunda mawili. Yote hutegemea kile kilichotiwa tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu miaka, bali lahusu namna ya bia yenyewe. Iliyosifiwa kwa harufu ya hopi inywewe mapema, hata ikiwa kali. Westmalle Tripel, ambayo ni ya rangi ya dhahabu na ina kileo asilimia 9.5, yaweza kukaa mwaka mmoja au miwili bila dhara, lakini hatuoni sababu kubwa ya kuiweka zaidi. Bia nyeusi ndizo zenye subira: Chimay Bleue ya asilimia 9, Westvleteren 12 ya asilimia 10.2, Rochefort 10 ya asilimia 11.3. Hizi, zikiwa mahali pa baridi, hupata upole kati ya mwaka wa pili na wa tano. Zingine hufika kumi nazo bado ni nzuri, ila kuanzia hapo ni bahati nasibu: chupa mbili za sanduku moja, moja yapendeza, nyingine imekufa.

Orval ni jambo la pekee, nayo yatufundisha ya kuwa ukali si kila kitu. Kileo chake ni asilimia 6.2 tu. Lakini watawa huitia, pamoja na chachu ya kawaida, chachu ya mwituni iitwayo Brettanomyces, ambayo hufanya kazi polepole sana na kula sukari ambazo chachu nyingine haziwezi. Ikiwa changa, Orval ni chungu na ina harufu ya maua; baada ya miezi sita uchungu umeanza kushuka; baada ya mwaka mmoja na zaidi imekuwa kavu, yenye harufu ya ngozi na ya zizi la farasi, na kileo chake kimepanda kidogo. Kuna wanaoipenda changa na wanaoipenda mzee, na ubishi wao hauna mwisho. Kwenye kibandiko huandikwa siku ilipofungwa pamoja na siku ya mwisho ya kufaa, miaka mitano baadaye. Heri viwanda vyote vingeandika hivyo!

Wazungu wa zamani nao walikuwa na desturi ya kungoja. Katika nyumba za mabwana wa mashamba huko Uingereza, mtoto wa kiume akizaliwa walipika bia kali mno, wakaifungia katika pipa, wasiifungue mpaka kijana atimize miaka 21. Lakini tukumbuke ya kuwa mapipa hayo yalilala katika vyumba vya chini ya ardhi, katika nchi ya baridi.

Hapo ndipo penye shida yetu. Miaka mitano inayosemwa na Wabelgiji ni miaka ya chumba chenye digrii 10 hadi 15. Joto huharakisha kila kazi ya kikemia. Kwa kadiri, digrii kumi zikiongezeka, mwendo huwa mara mbili au zaidi. Chupa iliyowekwa Kisangani katika nyumba yenye digrii 25 huzeeka katika miaka miwili kwa kadiri ambayo ile ya Ubelgiji huzeeka katika minne au mitano. Tena huzeeka vibaya, kwani chachu iliyomo hufa upesi na kuacha ladha ya mchuzi. Bukavu na Goma, zilizo juu mlimani, zina nafuu.

Baba mmoja wa Kisangani ametuuliza habari ya chupa sita za Chimay Bleue alizoletewa na binti yake kutoka Bruxelles. Amekwisha kutimiza miaka 20 ya ndoa, naye anataka zote sita zingoje jubilei ya fedha. Kwa sasa ziko juu ya kabati, chini ya mabati. Mama wa nyumba anataka zifunguliwe Pasaka hii, naye amemwambia mumewe, “Baba, nani aliyetuahidi hiyo miaka mitano?”

Kwa heshima yote tuliyo nayo kwa baba, twaona mama yu karibu zaidi na ukweli. Chupa zishushwe leo hii. Ziwekwe sakafuni, katika chumba kisichopigwa na jua, ndani ya sanduku lenye kifuniko, zikiwa zimesimama wima ili machicha yatulie chini. Mwanga nao huharibu hopi na kuleta harufu mbaya, hata chupa ikiwa ya rangi ya kahawia. Kisha wafungue moja Pasaka hii, nyingine Pasaka ijayo, na kuendelea. Hesabu yatosha, chupa ya sita itaangukia jubilei yenyewe. Kila mwaka baba aandike katika daftari maneno mawili matatu juu ya ladha. Siku watakayoona ya mwaka huu haikuizidi ile ya mwaka jana, wasingoje tena: wawaite majirani, wazimalize zilizosalia, na kwa ajili ya jubilei binti alete nyingine. Na kama kuna friji isiyozimika, chupa mbili za mwisho zilale humo. Baridi huchelewesha uzee, haimdhuru mtu.

Siku ya kufungua, chupa isitikiswe. Imiminwe polepole katika bilauri pana, isiwe baridi kama barafu, na machicha yaachwe chini. Wapo wayanywao, ni shauri lao. Chupa moja ya sentilita 33 yatosha watu wawili, kwani asilimia 9 si mchezo. Watawa wenyewe, mezani pao, huwa na bia nyingine iliyo nyepesi zaidi, na hiyo hawaiweki miaka: huinywa ikiwa changa, kama sisi na kasiksi.